Uduvi wa Kitengela

Jumamosi, tarehe kumi na nne Novemba. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka na haikuacha mpaka watu wakamaliza chai ya saa nne, halafu jua likatoka kali, na udongo mweusi wa huku Kitengela ukaanza kutoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Sikuenda sokoni. Viatu vyangu viko mlangoni, na kila kimoja kimebeba matope ya kutosha kukandika ukuta.

Kwa kuwa sikutoka, nilisafisha chumba cha pembeni. Kuna mpangaji mpya anaingia Jumatatu. Nyuma ya mlango palikuwa na sanduku la bati la shule, lile lenye jina limepakwa rangi nyeupe juu, WAMBUI, na ndani yake, chini ya mapazia ya zamani, nikapata chupa ndogo ya jemu yenye kifuniko cha kutu. Nilikizungusha kwa kitambaa. Harufu iliyotoka ilikuwa spiriti, kidogo tu, kama pale mtu anapopangusa mkono wako kabla ya sindano, na chini ya ile spiriti kulikuwa na kitu kingine, chumvi iliyozeeka, kitu cha mbali. Nikakaa chini na ufagio mkononi.

Tata Njeri aliniita kutoka sebuleni, akaniuliza nimekufa huko ama nini. Nikamwambia niko. Tata ni neno la Kikuyu la shangazi. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu Mama, na siku hizi mimi ndiye ninayemtunza. Sikumwambia nimepata nini.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nane, na kuandika siku zangu nilianza nikiwa mtu mzima, kwa hivyo mnivumilie. Kuna mahali sina uhakika na nitasema sina. Naandikia wale wa rika langu, mliokuwa watoto wakati Kitengela ilikuwa ploti chache na nyika kubwa, na nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya nyumba kama watu wanaoenda kazini.

Mimi sikuwa mtoto wa hapa. Nilizaliwa Kajiado mjini. Baba yangu alikuwa Msomali, watu wake walitoka kaskazini mashariki, na kazi yake ilikuwa kununua mbuzi na ng'ombe kwa Wamasai na kuwapeleka Nairobi. Mama alikuwa Mkikuyu aliyekuja Kajiado kuuza nguo, wakapatana, wakakaa pamoja. Kwa nyumba yetu mimi niliitwa Halima. Halafu Mama akaugua, na nitaruka hapo, kwa sababu ninachokumbuka cha kule ni miguu ya watu wazima tu.

Baada ya mazishi Tata Njeri alimwambia Baba, "Wewe uko barabarani kila wiki. Niachie mtoto kidogo, atulie." Baba alikubali, na sioni kama alikosea. Kabla hatujafika kwa Tata nilikuwa nimeshakuwa Wambui.

Nataka kuwa wa haki kwa Tata. Hakuwahi kunipiga. Aliniwekea maji ya moto ya kuoga, na kama kulikuwa na nyama mimi ndiye niliyepakuliwa kwanza. Lakini alikuwa na maneno yake, na aliyasema akiwa anachambua maharagwe bila kuinua uso: "Hakuna mtu alikuja kwetu kumuomba Wangechi. Hakuna mzee alikaa na mzee. Kwa hivyo hakuolewa. Na kwetu, kama mwanamke hajaolewa, msichana wake wa kwanza anaitwa jina la nyanya wa upande wa mama. Mama yetu ni Wambui. Si mimi nimeamua, ndivyo iko. Hilo Halima ni wale watu walimpachika, na Wangechi alikuwa mpole sana, akanyamaza."

Wangechi ndiye Mama. Mimi nilikuwa na miaka kama saba. Sikujua kuolewa ni nini zaidi ya kukaa nyumba moja. Nilijua tu kwamba ile "kidogo" ya Tata haikuisha.

Geti lilikuwa la mabati, juu lilikuwa na meno. Pande zingine zote kulikuwa na ua wa kayaba, na mtu ambaye ameishi huku anajua miiba ya kayaba. Hata kuku hakutoka. Kufuli ilikuwa kubwa ya rangi ya shaba, na ufunguo Tata aliufunga kwenye fundo la leso kiunoni. Alipokuwa analala mchana, mkono wake ulilala juu ya fundo. Halafu mvua ikaja, na ule udongo mweusi ukawa geti la pili. Gari lililoingia barabara yetu lilikaa hapo mpaka jua lirudi. Nilipanda juu ya ndoo nikichungulia juu ya ua, na ng'ambo nyumbu walikuwa wanatembea pole pole kwenye majani marefu, hawana mtu wa kuwafungulia wala kuwafungia. Niliwachukia. Mpaka leo nikiona nyumbu kwenye kalenda nageuza ukurasa.

Asubuhi geti lilifunguliwa kidogo, upana wa mkebe, kwa ajili ya Mama Nasieku aliyeleta maziwa. Alikuwa mwanamke wa Kimasai mwenye sauti ya kucheka, na alipita mkono kwanza, halafu mkebe, halafu uso.

"Takwenya, mtoto!"

"Iko," nilijibu, kama nilivyofundishwa Kajiado.

"Huyu anajibu vizuri kuliko wewe, Mama," alimwambia Tata. "Wewe umekaa hapa miaka yote na bado unasema tu jambo, jambo, kama mtalii."

"Wewe ongeza maziwa, uwache maneno," Tata alisema. "Leo umetia maji."

"Ni mvua imeingia. Uongee na Mungu."

Walikuwa wanapendana, nadhani. Mume wa Mama Nasieku alikuwa anamuuzia Baba ng'ombe. Tata hakujua hilo, ama hakutaka kujua.

Sasa chumba cha pembeni. Tata alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, ndani ya ua ule ule, na kwenye cha mwisho alikuwa anakaa mwanamke wa pwani, Bi Zuhura. Alikuwa anasoma mambo ya wanyama wa baharini chuo kikuu, masomo yale ya juu kabisa, na alikuja Kitengela kwa sababu ya bei na kimya. "Nimekuja mahali pasipo na tone la bahari," alimwambia Tata, "ndipo nimepata utulivu wa kuandika habari za bahari." Majirani walimwita Mama Wadudu. Alijua na alicheka.

Chumba chake kilijaa chupa. Zilipangwa kwenye rafu za mbao, chupa za jemu, za dawa, zingine nyembamba kama kidole, na ndani ya kila moja, kwenye spiriti, kulikuwa na viumbe vidogo kama punje ya mchele, vyeupe, vimepinda mgongo. Aliwaita uduvi, kama kwao pwani. "Wavuvi wanawaita uduvi wote bila kuchagua, wanawaanika, wanawakaanga na nazi. Kazi yangu mimi ni kuchagua."

Nilikuwa huru kuingia kwake, kwa sababu hata huko kulikuwa ndani ya geti. Alikuwa na hadubini ya zamani isiyotumia stima. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kugeuza, kinashika mwanga wa dirisha na kuurusha juu kwenye kile kisahani chenye mdudu. Bila jua hakuna kazi. Siku za mawingu Bi Zuhura alikaa kitandani amekunja miguu, akitazama nje na kusema, "Mwanangu, tumefungwa sote." Nilimpenda kwa lile neno sote.

Jua likitoka alinyanyua mdudu mmoja kwa kibano, akamlaza kwenye tone, na kumfunua kwa sindano mbili alizozifunga kwenye vijiti. Akaniita nichungulie. Sijui kama naweza kueleza. Kile kitu cha kama punje kilikuwa na macho yanayosimama juu ya vijiti, na miguu laini kama manyoya, na mkia umefunguka kama kipepeo. Tumboni jike alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na watoto. Watoto wazima, wamejikunja, na macho yao meusi tayari.

"Anawabeba mpaka lini?"

"Mpaka waweze kuogelea wenyewe. Kamba mkubwa humwaga mayai yakaenda na maji. Huyu hawabandui. Hiyo ni alama yao, wote wa kundi hili kubwa wana huo mfuko. Na tazama mkiani, huku na huku, unaona kama shanga? Ni kijiwe. Kwa hicho anajua juu ni wapi na chini ni wapi, hata gizani."

Nilijishika nyuma, kuona kama na mimi niko nacho. Alicheka mpaka akatoa miwani.

Kazi yake, nilivyoielewa baadaye sana, ilikuwa kueleza jenasi moja ya hao uduvi. Jenasi aliniambia ni kama ukoo. Mtu wa zamani aliitengeneza jenasi hiyo akiwa na mdudu mmoja tu, tena mkia umevunjika, kwa hivyo maelezo yake yalikuwa na tundu, na kila aliyekuja baadaye alitupia humo chochote kilichofanana. Bi Zuhura alikuwa anasema upya: wa ukoo huu lazima awe na nini, na asiwe na nini. Mkia wa katikati uwe na ufa, na ufa uwe na meno. Kile kigamba cha kwenye papasi, zile pembe laini za kupapasia, kiwe na nywele pande zote, si upande mmoja. Dume mguu wake mmoja wa kuogelea uwe mrefu kupita mingine. Mwenye hivi vyote anaingia. Aliyekosa anatoka, hata kama amekaa humo tangu babu zetu. Alikuwa na chupa upande wa kushoto na chupa upande wa kulia, na kuna siku nilimwona amesimama katikati na chupa moja mkononi, haendi popote.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilielewa kila neno, nikakosea jambo lenyewe.

Jioni moja nilikuwa nimeketi chini ya dirisha lake nachezea vizibo, na Tata alikuja kumuuliza habari. Sikuwaona, nilisikia tu.

"Wameisha hao?"

"Wapi, dada Njeri. Kuna mmoja amenishinda. Ana alama za huku na alama za kule. Na tena bado mtoto, alama zingine hazijamtoka."

"Si umweke tu pahali, uendelee na wengine."

"Nikimweka pabaya atakaa hapo pabaya miaka na miaka. Watu watasoma jina lake na kumtafuta mahali ambapo hayupo."

"Hiyo ni kweli," Tata alisema, kwa sauti ya chini sana, na akaondoka.

Alama za huku na alama za kule: ni nani mwingine? Nywele zangu ni za Baba, laini, zinateleza kwa kitana. Pua ni ya Baba. Paji la uso na meno ni ya Mama, kila mtu alisema. Nikaona sasa kwa nini huyu mama amekaa ndani ya ua wetu, na kwa nini Tata anampelekea uji bila kuombwa. Tata alikuwa amemleta anichunguze. Yeye ndiye atakayesema mimi ni wa ukoo gani, na akishaandika, imekwisha, nitawekwa kwenye rafu moja na kifuniko juu.

Basi nikaanza kujipanga. Nilitaka kuwekwa kwa Baba. Hilo sikuwa na shaka nalo hata dakika. Nilitaka nyumba yetu ya Kajiado yenye harufu ya ubani na ngozi za mbuzi, na Baba akitoa viatu mlangoni akiita "Halimo!", ndiyo Halima kwa lugha yake Kwa hivyo nikienda kwa Bi Zuhura nilijitanda kitenge cha Tata kichwani. Nilikula chakula kwa mkono wa kulia mbele yake, polepole, aone. Nilisoma zile aya nilizokumbuka, na kwa kuwa sikuzikumbuka zote, zingine nilizijaza na wimbo wa shule ya Jumapili kwa sauti ndogo. Bi Zuhura aliniangalia juu ya miwani. "Leo una nini?" Nikasema sina kitu. Jioni nyumbani nilivua kitenge kabla Tata hajaniona, na kwa Tata nilisali kikwao, nimefumba macho, kwa sababu yeye pia nilikuwa nampenda na sikutaka ahuzunike. Ilikuwa inachosha kuliko kuteka maji.

Siku moja Bi Zuhura akasema, "Lete kidole." Akakiweka chini ya hadubini, akageuza kioo, akachungulia. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaogopa kisahani kitaruka. "Lo, tazama mistari hii," akasema. "Hakuna mwingine duniani mwenye hii." Alitaka kunifurahisha. Mimi nilisikia kwamba hakuna ukoo hata mmoja ulionitaka.

Baba alikuja siku ya mawingu. Nilikuwa kwa Bi Zuhura. Alikuwa amelala, leso usoni. Nilisikia geti likigongwa kwa kiganja.

"Hodi hapa! Mama! Mimi nimekuja kuchukua mtoto yangu. Halima iko?"

Nilimgeukia Bi Zuhura.

"Hapa hakuna mtu anaitwa Halima," Tata alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

"Mama, tafadhali. Hata arobaini imepita. Wewe ulisema kidogo."

"Hapa kuna Wambui, wa nyumba yetu. Ulikuja kwetu lini wewe? Ulikalia kiti gani kwa baba yangu?"

"Nilituma watu! Mara mbili nilituma. Nyinyi mlikataa kufungua, kama sasa tu unakataa!"

Hilo la kutuma watu, Tata alilikana kwa miaka mingi, na Baba aliapa kwalo kwa miaka mingi. Sikuwa nimezaliwa. Naandika yote mawili.

Mtauliza kwa nini sikupiga kelele. Mlango haukuwa umefungwa. Lakini mimi nilijua uamuzi haujatoka. Wa kuniamua alikuwa amelala pale na leso usoni, na nilimtazama nikiomba aamke aseme. Kama hapa hakuna Halima, pengine ni kweli hakuna bado. Nilifikiri nikiitika kabla ya kuandikwa nitaharibu kila kitu. Nilibana mkono wangu katikati ya meno. Baadaye nikasikia viatu vikivutwa kwenye matope, plap, plap, vikienda, na kwa muda mrefu bado nilivisikia, maana kwenye ule udongo hakuna anayeweza kwenda haraka.

Wiki iliyofuata Tata alinunua sanduku la bati. Alisema nitaenda Loitokitok, kwa mwanamke wa kanisani mwenzake, kuna shule nzuri ya kulala na baridi ya mlima. Alimwita fundi wa kuchora vibao, na nikamwona akiandika herufi kubwa nyeupe kwenye kifuniko, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Rangi ilikuwa bado mbichi na nilikuwa naisoma kinyumenyume. Loitokitok ni huko mwisho kabisa, mpakani. Nilielewa kwamba Baba hatajua.

"Barabara ikikauka tunaenda," Tata alisema.

Kwa hivyo jua lilipotoka, mimi peke yangu kwenye ploti yote ndiye niliyelia. Bi Zuhura alifurahi kama aliyefunguliwa. Alivuta meza mpaka dirishani, akageuza kioo chake, akaanza kuimba. Nikaingia bila kitenge, bila kitu. Nikasimama.

"Umeniandika wapi?"

"Nimekuandika?"

"Kwa Baba ama kwa Tata. Sanduku limeshaandikwa. Kama umeniandika kwa Baba uwaambie sasa, kwa sababu udongo unakauka."

Aliacha kibano. Alinivuta akaniuliza polepole, nikamwambia yote, ile ya dirishani, za huku na za kule. Alifunika mdomo. Nilifikiri anacheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mwanangu, mwanangu. Yule alikuwa uduvi. Huyu hapa." Akanionyesha chupa ndogo ya jemu, ndani yake kitu kama ukucha uliokatwa. "Watu siwaainishi mimi. Wala sijui kama kuna anayeweza."

"Lakini mimi niko na majina mawili."

"Hata hawa wako wengine wana majina mawili. Mmoja kaandika hili, mwingine hakujua, kaandika lile."

"Sasa mnafanya nini?"

"Linasimama la kwanza. Ndiyo sheria yetu. Lile alilopewa kwanza, akapewa kwa haki."

"Na la pili linatupwa?"

"Halitupwi. Linaandikwa chini ya la kwanza, kwa herufi ndogo. Ili anayemtafuta kwa jina hilo naye ampate." Akanipangusa uso na pindo la nguo yake. "Lako la kwanza ni lipi?"

"Halima."

"Alikupa nani? Baba?"

"Mama."

"Na kwa nini akachagua Halima?"

Hilo nililijua. Mama aliniambia akinisuka, nikiwa katikati ya magoti yake, na aliliambia kama mtu anavyosema kesho ni soko. "Ni jina la ayeyo, nyanya yangu mama ya Baba. Mama alisema kwao msichana wa kwanza lazima apewe jina la nyanya wa upande wa baba, na wa pili ndiye nyanya wa upande wa mama. Alisema akizaa mwingine atamwita Wambui."

Bi Zuhura aliitika tu. Mila za Kikuyu hakuzijua. Lakini mlangoni kikombe kiligonga sahani. Tata alikuwa amesimama na chai ya Bi Zuhura mkononi.

"Nani amekufundisha hiyo?" alisema.

"Mama."

"Wangechi alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Akinisuka."

Tata alitafuta mahali pa kuweka chai, hakupaona kwa sababu ya chupa, akakaa nayo kitandani. Kwa wasioijua mila hiyo nieleze, maana mimi mwenyewe niliielewa nikiwa mkubwa. Kama Mama alinipa jina la mama yake Baba, basi alinipa jina kama mke anavyompa mtoto. Tata alikuwa amesema miaka yote kwamba dada yake hakuolewa na kwamba wale watu walimpachikia mtoto jina lao. Kumbe ni Wangechi mwenyewe aliyefuata kawaida ya kwao, peke yake huko Kajiado, bila mzee wala dada wa kumkumbusha. Wao hawakumfungulia, na yeye alizidi kufanya mambo kama alivyofunzwa nyumbani.

"Alikuwa ananiandikia barua," Tata alisema. "Sikufungua." Halafu akainuka na kuniangalia kwa macho makali tena. "Mtoto anaweza kufunzwa la kusema. Tutaona."

Sanduku lilibaki pale pale. Udongo ulikauka juu, ukapasuka vipande, na Tata hakusema habari ya Loitokitok wala ya kutokwenda. Mimi nilikuwa bado ndani. Nilipanda ndoo, nikashuka.

Asubuhi moja Mama Nasieku alipitisha mkono, mkebe, uso, na akakaa hapo mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. Tata alimwambia kitu sikusikia. Mama Nasieku akasema kwa sauti, "Mimi nauza maziwa, mimi si posta," na akaenda zake anacheka. Kesho yake geti likagongwa kwa kiganja.

"Hodi."

Tata alikuwa uani, mikono ina unga. Hakwenda haraka. Alisimama upande huu wa mabati, na nikamwona anaweka paji la uso lake karibu kabisa na geti, kama mtu anayechungulia hadubini.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama yangu amekukosea nini sasa?"

"Nimekuuliza jina."

"Mimi unitukane, sawa, nimezoea. Mama yangu ni mzee, yeye anakaa kwake na mbuzi zake, hajui hata Kitengela iko wapi..."

"Jina, Hassan! Jina tu!"

Ilikuwa mara ya kwanza nimemsikia akitaja jina la Baba. Nadhani hata yeye Baba alisikia, kwa sababu alipojibu, alijibu kama mtoto darasani.

"Halima."

Tata aliinamia fundo la leso. Vidole vilikuwa na unga na fundo lilikuwa la zamani, likamsumbua. Alilifungua kwa meno.

Sitaandika tulivyokumbatiana, sikumbuki vizuri. Nakumbuka gambuti za Baba na matope yaliyokauka yakidondoka kwenye sakafu ya Tata, na Tata akiyatazama. Alimpa kiti. Chai waliinywa bila kuangaliana, Baba akaitia sukari nyingi, na Tata akamwambia, "Hiyo ni sukari ama chumvi unafanya hivyo?" Baba akacheka kidogo, akajizuia. Nilirudi Kajiado jioni ile. Walipatana kwamba likizo nitakuja hapa, na nilikuja, na geti halikufungwa tena mchana nikiwepo. Sanduku lilibaki kwa Tata, nguo zangu za likizo zilikaa humo.

Bi Zuhura alinipa ile chupa ya jemu. "Huyu amenishinda kweli," alisema. "Mtoto mno. Kaa naye wewe." Likizo ya pili nilikuta chumba kitupu, rafu tu na duara za chupa kwenye vumbi. Sijui kama jenasi yake ilikubaliwa. Siku hizi mtu anaweza kutafuta mambo kama hayo kwa simu, lakini sijui niandike nini, na pengine naogopa.

Nimeiinua chupa dirishani leo. Spiriti imebaki kidole kimoja cha rangi ya chai, na chini kuna kitu, labda ni yeye, labda ni uzi wa pazia. Sitaki kuapa. Nimekaza kifuniko nikairudisha, na sanduku nimelihamishia chumbani kwangu.

Tata siku hizi anasahau kama amekula, lakini hajawahi kukosea lile jina alilonipa. Kwa Baba, mpaka alipofariki, nilikuwa Halima, na kwa kitambulisho, na kwa watu wote wa sokoni. Anayeniita lile la pili ni yeye peke yake.

Jioni tumekula ugali, mrenda na nyama kidogo ya mbuzi ya jana, sisi wawili. Alionja, akasukuma sahani.

"Wambui, hii haina chumvi."

"Ndiyo, Tata," nikasema, nikaongeza.